Asikie, Ajijue

Wifi alisema huku anamenya matoke, kisu hakikusimama hata kidogo: "Huyo Hawa amerithi kwenu. Mama yako si alikuwa anajifungia ndani hivyo hivyo?"

Nikamwambia, "Wifi, mtoto anasikia."

Akajibu, "Asikie, ajijue."

Harusi ya Ramadhani imepita salama, Baba Hawa amerudi kutoka Juba, kituoni tumeletewa daktari mpya. Lakini nikiweka kichwa kwenye mto ni hilo tu: asikie, ajijue. Kwa sauti ileile, kama anayetaja bei ya chumvi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuna ukweli ndani yake. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaomfanya mtu ajifungie ndani, hutembea katika familia, sisi wauguzi tunaiona. Uchambuzi wa tafiti za pacha uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kuwa urithi unaeleza takriban asilimia 37 ya tofauti baina ya watu katika kuupata ugonjwa huu. Lakini hiyo ni hesabu ya umati, huwezi kumpimia mtoto mmoja. Pacha wa yai moja, mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Wala hakuna jeni moja ya kunyooshewa kidole. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba jeni moja inayohusu serotonini, kemikali ya ubongo, ikikutana na misukosuko ya maisha, humwangusha mtu. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata hazikulithibitisha. Jeni ni nyingi mno, kila moja na mchango wake mdogo.

Na haya mengine, wifi, mbona hukuyataja? Hawa amelelewa na bibi yake. Amelala naye kitanda kimoja tangu anaachishwa ziwa, na mwaka jana tukamzika. Baada ya matanga akapelekwa bweni asikojua mtu, baba yuko barabarani, mimi zamu za usiku. Huyo bibi anayelaumiwa kwa damu yake ndiye huyohuyo mtoto anayemlilia! Utatenganishaje hapo? Na kauli ya jikoni mbele ya msichana wa miaka kumi na tano, hiyo nayo ni mazingira.

Nilikuwa nimepanga kumpigia simu wifi nimwambie yote haya. Kisha Alhamisi jioni Hawa akaja mwenyewe jikoni.

"Mama, bibi akiwa vile, alikuwa anakula nini?"

Nikasema chapati, na chai ya tangawizi kali. Halafu nikamwambia ambalo wifi halijui, kwamba kuna miaka bibi alikuwa mzima kabisa, akiuza vitenge sokoni Tororo na kubishana na kila mteja. Hawa akacheka. Akaomba unga. Chapati zilitoka nene, akala mbili.

Jumanne anaanza kikundi cha mazungumzo. Nina imani nacho: katika kambi za wakimbizi wa ndani kule kaskazini mwa Uganda, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 walifanyiwa utafiti uliotoka mwaka 2007, na vikundi vya namna hiyo viliwapunguzia wasichana sonona. Simu kwa wifi sijapiga. Hamu yenyewe imepungua.

Sasa kuna mchwa kwenye nguzo ya jikoni. Fundi kasema Jumamosi, mvua zimeshaanza, na nikiibonyeza kwa kidole inaingia ndani.