Mpira wa Mkojo Kabla ya Chumba cha Upasuaji

Wiki hii tumepokea kundi jipya la wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne, na swali lao la kwanza lilikuwa lilelile la kila kundi: ni lini wataingia chumba cha upasuaji kuona tezi dume ikikwanguliwa kupitia mrija wa mkojo. Hamu yao ninaielewa, maana upasuaji huo huonekana wote kwenye skrini na hauachi kidonda kwa nje. Hata hivyo, kadiri ninavyowasimamia ndivyo ninavyoona kwamba asubuhi nyingi mle ndani hazina faida kubwa kwao. Wachache sana watakuwa mabingwa wa njia ya mkojo, lakini karibu wote watajikuta usiku mmoja wako peke yao zamu katika hospitali ya wilaya, na ataletwa mzee ambaye hajakojoa tangu asubuhi.

Jumanne aliletwa mzee wa namna hiyo, jasho likimtiririka na kibofu kimejaa hadi karibu na kitovu. Mwanafunzi aliyepangiwa kumhudumia alisema, "Shikamoo babu," kisha akakwama, kwa kuwa aliona haya kumuuliza mtu wa makamo ya babu yake habari za mkojo.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee akamjibu. "Fanya haraka, mengine tutaulizana baadaye."

Tulichagua mpira wa mkojo namba 16, yaani bomba laini linalopitishwa kwenye mrija wa mkojo hadi kibofuni ili kuutoa mkojo. (Namba hizi zimetokana na Charrière, mtengenezaji wa vifaa vya tiba wa Paris katika karne ya 19, ukiigawa namba kwa 3 unapata kipenyo kwa milimita.) Mwanafunzi alitaka kuusukuma mara tu baada ya kuingiza jeli ya ganzi, nikamzuia, kwa sababu ganzi huhitaji dakika kadhaa kufanya kazi. Mkojo ulipoanza kutoka alitaka kujaza papo hapo puto la karibu na ncha ya mpira, linalouzuia usichomoke kibofuni, na hapo nikamzuia kwa ukali zaidi. Mkojo unaweza kuonekana ilhali puto bado limo ndani ya mrija wa mkojo, na mililita 10 za maji zikiingia hapo zinaweza kuuchana; kwa hiyo mpira husukumwa mpaka kwenye panda lake la nje ndipo puto lijazwe. Mwisho govi hurudishwa mahali pake, kwani likiachwa nyuma huvimba na kubana, nasi tukawa tumezalisha dharura nyingine.

Sehemu ngumu zaidi kufundisha ni lini mpira usiwekwe. Kijana wa bodaboda aliyevunjika nyonga, mwenye damu kwenye tundu la mkojo, huenda mrija wake umekatika, na anayemlazimishia mpira anaweza kuyafanya majeraha kuwa mabaya zaidi. Huyo hupigwa kwanza picha ya mrija kwa dawa maalumu au hutobolewa kibofu juu ya kinena.

Kipimo cha kidole, yaani kuipapasa tezi dume kupitia njia ya haja kubwa, nacho hukwepwa, eti kwa kuwa siku hizi kuna kipimo cha damu cha tezi dume. Kipimo hicho kinaweza kupanda hata kwa maambukizi au kwa tezi iliyokua tu bila saratani, na tezi ngumu yenye uvimbe usio sawasawa hutambuliwa kwa kidole. Na kwa kuwa tuko Kanda ya Ziwa, anayekojoa damu lazima aulizwe kuhusu kuoga na kuvua kwenye mabwawa na madimbwi, kwani kichocho cha kibofu kisichotibiwa miaka mingi huweza kuzaa saratani.

Nimemwomba mkuu wa kitengo awapunguzie wanafunzi asubuhi za chumba cha upasuaji, wakae zaidi idara ya dharura na kliniki. Alinijibu kwamba mabingwa wa fani hii ni wachache nchini, na kwamba yeye mwenyewe aliipenda akiwa amesimama mbele ya skrini ile. Hoja yake ina uzito. Tumekubaliana kundi lijalo wapate asubuhi moja tu ya upasuaji kwa wiki, na kila mwanafunzi aweke mpira chini ya usimamizi kabla hajaruhusiwa kuingia.