Saini ya mwisho

Leo nimerudisha fomu. Nagombea uwakilishi wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kwenye serikali yetu ya wanafunzi.

Ndiyo, mimi yuleyule niliyesema siasa za chuo niliziacha digrii ya kwanza. Msinicheke.

Kazi ilikuwa wadhamini, yaani wanafunzi wenzangu wa kunisainia fomu. Wa shahada ya kwanza unawapata kantini, dakika kumi umemaliza. Sisi? Mchana watu wako makazini, jioni wanaingia darasani wakihema kutoka kwenye foleni ya Ubungo. Wa uzamivu ndiyo hata hujui wanajificha wapi.

Saa kumi kasoro robo, bado saini moja. Mwisho saa kumi kamili.

Kwenye ngazi za maktaba nikamkuta dada, mtoto mgongoni, anabembeleza huku anasoma rasimu iliyojaa wino mwekundu wa msimamizi. Akaniuliza kitu kimoja tu:

"Ukishinda, utatutafutia chumba cha kunyonyeshea?"

Ilani yangu ina intaneti, ada na majarida. Hilo sikuliwaza kabisa.

Akasaini kasimama, mgongo wangu ndio meza. Mpaka sasa nauhisi ule mkandamizo wa kalamu.

Mliosoma uzamili mkiwa na wachanga, mlikuwa mnawaacha wapi? Niambieni, kampeni zinaanza Jumatatu.