Saiti tatu, seti moja ya mirunda: nilivyounganisha ratiba kwenye Microsoft Project

Kila anayesikia kwamba naendesha saiti za Njiro, Sakina na Usa River, hapa Arusha, kwa seti moja ya mirunda (nguzo za kushikilia jamvi, yaani sakafu ya juu ya zege, hadi likauke) na marini bodi (mbao za kumwagia zege) ana ushauri ule ule: bandika kazi zote kwenye faili moja. Msimsikilize. Mteja wa Sakina anataka ripoti yake, si ya jirani, na faili moja haiandikwi na watu wawili kwa wakati mmoja.

Mimi nina faili tatu kwenye folda moja, na ya nne ni mama yao: fungua faili tupu, bonyeza Subproject, ziingize zote huku Link to project ikiwa na tiki. Hapo hakuna ujanja.

Ujanja uko kwenye viungo, yaani pale faili ya Sakina inaposoma tarehe za Njiro kujua mirunda itatoka lini. Niliambiwa kila msimamizi akae na faili yake anirushie WhatsApp. Nikajaribu. Faili ya pili ikishuka kwenye kompyuta inaitwa Njiro (1).mpp, wakati kiungo kimebeba njia nzima ya faili pamoja na jina lake. Sakina itaendelea kusoma Njiro ya zamani, tarehe zimetulia kama hakuna kilichotokea, na fundi anasubiri mirunda ambayo bado imeshikilia jamvi la mtu. Ukibadilisha jina au kuihamisha ile ya zamani, kiungo kinakatika kabisa. Siku hizi wasimamizi hawanitumii faili. Wananitumia tarehe halisi ya kuanza, ya kumaliza na siku zilizobaki. Naingiza mwenyewe.

Pili, usiunganishe kazi ovyo ovyo kati ya faili na faili. Njiro ina mstari wa siku 0 unaoitwa TOA MIRUNDA, Sakina ina POKEA MIRUNDA. Kwenye safu ya Predecessors (kazi zinazotangulia) ya POKEA naandika:

D:\Ratiba\Njiro.mpp\42FS+1d

42 ni namba ya mstari wa TOA, FS maana yake POKEA inaanza TOA ikiisha, na ile siku moja ni ya kupakia Fuso na kuvuka mji. Utaona mstari wa kijivu umejitokeza. Ni kivuli cha kazi ya Njiro, usiufute. Kazi nyingine zote za Sakina zinafuata POKEA, kwa hiyo kiungo kikiharibika natengeneza mstari mmoja tu. POKEA naiwekea Deadline pia, ikipitwa alama nyekundu inawaka pembeni.

Kwenye Options, Advanced, toa tiki ya kupokea data mpya za nje moja kwa moja. Ukifungua Sakina, dirisha la Links Between Projects litakuonyesha kilichobadilika kabla hujakubali. Wengi hulifunga bila kusoma, halafu wanalaumu programu.

Kubwa linalosahaulika: zege halijui Jumapili. Mhandisi akisema mirunda ikae siku 14 chini ya jamvi, andika +14ed, si +14d: ed ni siku zote za kalenda, d ni siku za kazi tu. Kalenda ya Standard inahesabu Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo 14d inakula angalau siku 18 za kalenda, na mirunda inalala bure wakati kukodi seti nyingine ni malaki. Jumamosi kama siku ya kazi, Nane Nane na sikukuu nyingine kama mapumziko, ziweke kwenye kalenda ya faili moja, kisha inakili kwa Organizer kwenda kwa nyingine. Kurekebisha moja hakurekebishi zote.

Pampu ya zege sikuiwekea kiungo, kwa sababu haina zamu maalumu. Inakwenda kwa aliye tayari. Iko kwenye faili ya rasilimali ambayo saiti zote zinachota kwa Share Resources. Zikigongana, nafungua faili mama na kusawazisha (Leveling) kwa mpangilio wa Priority, Standard, ambapo mwenye kipaumbele kikubwa hatangulii kuahirishwa. Kila mradi huanza na kipaumbele 500. Usa River nimeipa 700 hadi masika yaanze Machi, maana njia yake ya kuingilia haipitiki kwenye matope. Njiro ina lami hadi getini, inaweza kusubiri.