Sept-place ya kwenda Joal

Nilijua hapa zinapigwa. Tuko stendi Dakar, Senegal, tunasubiri gari ya Joal ijae, zile Peugeot za zamani wanaziita sept-place coz zinabeba abiria saba, mi nimebanwa siti ya nyuma kabisa magoti yako kidevuni, mara dereva akamuuliza mzee mmoja jina, mzee akajibu Diop. Weee! Dereva akaanza kumfokea kwa Kiwolof huku kamnyooshea kidole, mzee naye hapoi, gari zima wanacheka kasoro mimi. Binti wa chuo niliyekaa naye ndo akanielewesha kwamba dereva ni Ndiaye, na akina Ndiaye na akina Diop ni watani, kila mmoja anamwita mwenzie mtumwa wake na mlafi wa wali. Kumbe! Mi Mzaramo, hayo nimekulia, Mnyamwezi akija msibani kwetu anazuia jeneza mpaka apewe hela. Na huko sio koo tu, hata makabila, Waserer nao wana watani zao Wadiola.

Joal ni kama kilometa 110 hivi toka Dakar, ndo alikozaliwa Senghor mwaka 1906, Mserer Mkatoliki aliyeongoza nchi ya Waislamu zaidi ya asilimia 90 kuanzia 1960 hadi 1980 (jaribu kuwaza hiyo hesabu kwingine). Ukivuka daraja la mbao unaingia Fadiouth, kisiwa cha makombe matupu, kila hatua chini inalia krach krach. Huku Wakristo ndo wengi. Daraja lingine linakupeleka makaburini, kilima cha makombe na mibuyu, misalaba myeupe kibao, na Waislamu wamezikwa hapohapo.

Ilikuwa Ijumaa Kuu. Mama mmoja Mkristo alikuwa anagawa ngalax, uji mtamu mzito, kwa majirani zake Waislamu, wao watamrudishia nyama Tabaski, yaani Idi ya kuchinja. Nikapewa bakuli, kuonja tu nikashtuka, uwele na karanga za kusaga sawa, ila huu si ubuyu huu! Nikawaambia kwetu tunaupaka rangi nyekundu na sukari watoto wanamung'unya, wakanitazama kama nimetukana.

Kurudi, dereva mwingine akaniuliza jina langu la ukoo, likamshinda kutamka, akasema basi kuanzia leo wewe ni Ndiaye. Sijakaa vizuri, kaka mmoja wa mbele akageuka, akajitambulisha kuwa yeye Diop, akaniambia nimlipie nauli.