Chupa zilivyolipia chanjo ya mbwa koko

Sisi vijana wa mtaani kwetu Temeke huokota chupa za plastiki tupate hela ya kulisha na kuchanja mbwa koko. Tatizo: mnunuzi wa chakavu alitukata bei kila mara, eti mzigo mchanganyiko. Alikuwa na haki. Chupa ya maji ni plastiki iitwayo PET, kifuniko ni plastiki nyingine. Vipande vyake ukivitia kwenye ndoo ya maji, vya kifuniko vinaelea, vya chupa vinazama.

Basi tukafungua vifuniko, tukabandua lebo, tukakanyaga chupa zikalala, kila aina na kiroba chake. Bei ikapanda. Madumu yaliyopasuka ubavuni hatuuzi: tunakata kitako, tunapiga msasa kingo, mbwa wanywee maji. Sindano ya kichaa cha mbwa anachoma daktari wa mifugo. Sisi tunashika kamba tu.