Ua wangu wa maigoya uliotoboka chini

Ua wa maigoya, vichaka vya majani mororo tunavyopanda kama uzio, mbele ya nyumba yetu hapa Kiambu ulikuwa umebaki na majani juu tu. Chini ni vijiti vitupu, na kuku wa jirani walipita wapendavyo. Nikadhani udongo umechoka, nikaweka samadi na kumwagilia kila jioni. Mambo yakaharibika zaidi: mashina yakalainika na kuwa meusi karibu na ardhi, na yale majani mororo yakaanza kupukutika.

Mama mkwe alipokuja aliushika ua, akaniambia, "Mwanangu, maigoya hayataki maji mengi hivi. Yanataka panga."

Niliacha kumwagilia, nikasubiri mvua ya Machi. Nikakata nusu ya ua hadi urefu wa goti, nusu nyingine baada ya machipukizi kutokea, ili nyumba isibaki wazi. Yaliyooza niling'oa kabisa. Kwenye mapengo nilichomeka vipande vya urefu wa sentimita 30 hivi, kutoka matawi yasiyo na maua, majani ya chini nimeyatoa. Kwanza nilivilaza kivulini siku moja, kidonda kikauke. Vile nilivyopanda vibichi awali vilioza.

Sasa ua umejaa tangu chini. Ncha nazivunja kila zikirefuka, ili matawi yatoke pembeni. Kona moja siigusi: maua yake ya buluu hujaa nyuki, na majani mapana ya hapo ndiyo tunayofunikia ndizi ziive.