Mfupa mgumu kama jiwe, halafu unavunjika

Mwezi wa saba huku Uyole baridi ni kali kwelikweli, na mdogo wangu kila asubuhi anatoa kigoda nje anakaa kwenye kajua ananyoosha mguu wa kulia, ndo mazoezi yake kabla ya chai. Nimemwangalia leo nikasema ngoja niandike, maana kuna mzazi mahali anazunguka na mtoto anayevunjika mifupa kila mara kama sisi tulivyozunguka.

Alivunjika paja akishusha kiroba cha viazi kwenye guta. Hakuanguka, hakugongwa na bodaboda, aliteleza kidogo akajizuia na mguu tukasikia kah! Na haikuwa mara ya kwanza, darasa la tano alivunjika mkono, sekondari akavunjika mguu wa kushoto, na kote huko tuliambiwa mtoto hana madini mpeni maziwa na dagaa, wanamfunga hogo tunarudi nyumbani. Hilo linaniuma mpaka leo maana picha za eksirei zilikuwepo, zilipigwa, na hakuna aliyejiuliza.

Daktari wa mifupa aliyempokea safari hii aliinua picha dirishani akaniita, "Dada, njoo uone." Mfupa wa paja kwa kawaida una uwazi katikati, ndo unapokaa uboho, kwenye picha pembeni panakuwa peupe katikati panafifia. Wa mdogo wangu ulikuwa mweupe wote kama chaki, uwazi karibu hauonekani kabisa. Akasema hii ni osteopetrosisi, wengine wanaita ugonjwa wa mifupa ya marumaru, aliyeueleza kwanza ni Mjerumani mtaalamu wa eksirei, Albers-Schönberg, mwaka 1904.

Yani mwili una seli za kujenga mfupa na seli za kuula ule wa zamani ili mpya ukae. Kwake hizi zinazokula hazifanyi kazi sawasawa, basi mfupa unarundikana tu, unakuwa mzito na mgumu lakini ni kama chungu, haupindi hata kidogo, unakatika. Ni wa kurithi, hajalogwa mtu (kule kwetu Rungwe maneno yalishaanza), na maziwa hayauponyi.

Baba alitaka awekwe chuma cha ndani kama jirani yetu aliyepata ajali ya pikipiki. Daktari akamwambia taratibu, "Mzee, chuma kile kinapita kwenye uwazi wa mfupa, hapa pa kupita hakuna, na nikilazimisha kuchimba naweza kuupasua." Wakakubaliana bamba na skrubu pembeni.

Tulikaa kwenye benchi zaidi ya saa nne, mama ameshika kanga yake mdomoni hasemi kitu. Daktari alipotoka alikuwa na kipande cha gozi, kile kitambaa cha vidonda, akakifungua, ndani kuna ncha mbili za keekee zimekatika. Mfupa ule unakula keekee! Ukikandamiza inapata moto, na moto unaua mfupa unaotobolewa, kwa hiyo wanatoboa polepole huku wanamwagia maji ya dripu ya baridi muda wote, ncha ikianza kuwa butu wanaweka nyingine. Yeye aliagiza ncha za ziada siku mbili kabla. Aliagiza kwa sababu alijua, na mimi ndo naomba hapa kila mwenye mgonjwa wa hivi alishike: daktari ajue kabla hajashika kisu, akijulia katikati mguu umeshafunguliwa ni hatari.

Damu pia tulitafuta mapema, uboho ndo unatengeneza damu, ukikosa nafasi damu inakuwa pungufu, na kidonda kinaangaliwa kwa makini sana maana mifupa hii ikipata maambukizi inasumbua. Hata kung'oa jino usikimbilie popote, taya nalo ni mfupa.

Kuunga ndo kulitutesa. Mwezi wa nne baada ya upasuaji ufa ulikuwa vilevile, mdogo wangu akalia, akaniambia dada bora wangeniacha. Mwezi wa tisa ndo pakaonekana pameanza kufunga, bado anatembelea gongo moja.

Kesho tunapanda daladala kwenda kliniki. Bahasha ya picha zote, mpaka ile ya darasa la tano, mama ameshaifunga kwenye nailoni isiingie vumbi, ameiweka juu ya kabati karibu na mlango.